Sura ya Sita: Jua na Upepo wa Upande Mmoja

Mji wa Rumonge uko kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, katika ukanda mwembamba wa tambarare ambao Warundi huuita Imbo, uliobanwa kati ya maji upande wa magharibi na milima inayopanda ghafla upande wa mashariki. Milimani kuelekea Bururi watu hujifunika blanketi usiku, lakini hapa ukingoni, kwenye kimo kisichozidi sana mita 775 kutoka usawa wa bahari, joto la alasiri hufika nyuzi 29 au 30 kwa siku nyingi za mwaka na kushuka hadi 19 hivi kabla ya alfajiri, huku unyevu wa ziwa ukiongeza uzito wake katika miezi ya mvua. Burundi ni nchi inayosifika kwa vilima na ubaridi, na mazoea yake ya ujenzi yalizaliwa huko juu. Imbo ni nchi nyingine ndani ya nchi hiyo hiyo, na nyumba zake nyingi bado hujengwa kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Kinachozungumziwa katika sura hii ni usanifu unaokwenda na hali ya hewa, yaani ule unaoifanya nyumba ikalike kwa mpango wa kuta, paa, madirisha, kivuli na miti, bila kutegemea feni wala kiyoyozi. Kwa Burundi suala hili halihusu watu wenye fedha wanaotaka kupunguza ankara ya umeme. Takwimu za Benki ya Dunia za mwanzoni mwa muongo huu zinaonyesha kuwa ni mtu mmoja tu kati ya kumi hivi aliyefikiwa na umeme, na hata aliyefikiwa huzoea kukatikiwa. Kwa hiyo nyumba ikishakuwa tanuri kwa sababu ya namna ilivyojengwa, hakuna mashine itakayokuja kuisahihisha, na familia italala ndani ya kosa hilo kwa miaka thelathini.

Vitabu vya ujenzi wa nchi za joto vina kanuni moja inayorudiwa mno: mgongo wa paa uelekezwe mashariki na magharibi, ili kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zibaki kulipokea jua la asubuhi na la jioni. Kanuni hii ina hesabu nyuma yake, na hesabu ya Rumonge ni rahisi kuifuata. Kwa kuwa mji uko kwenye nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na karibu na tarehe 3 Oktoba. Mwezi Juni huinamia kaskazini likawa kwenye pembe ya nyuzi 63 hivi kutoka ardhini, na mwezi Desemba huinamia kusini likawa kwenye pembe ya nyuzi 71 hivi. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini litafunikwa lote na kivuli cha saa sita iwapo upenu wa paa, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, una urefu wa sentimeta 62 kutoka ukutani, na lile la kusini litatosheka na sentimeta 42. Upenu wa sentimeta 80, ambao fundi yeyote anaweza kuutoa bila nguzo, unayatosheleza yote mawili na kubakiza akiba kwa saa za kabla na baada ya adhuhuri.

Upande wa magharibi hesabu hiyo inaharibika. Saa kumi alasiri, katika siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua huwa kwenye pembe ya nyuzi 30 tu, na dirisha lile lile likitazama magharibi litahitaji upenu wa mita 2. Saa kumi na moja pembe hushuka hadi nyuzi 15, na upenu unaohitajika unazidi mita 4. Hakuna paa la kawaida linaloweza kufanya hivyo. Jua la jioni halizuiliki kutoka juu. Huzuiliwa kwa kitu kilichosimama mbele yake, kiwe ukuta wa tofali za matundu, ukingo wa matete, vibao vya mshazari au mwembe.

Laiti ziwa lingekuwa upande mwingine, mambo yangeishia hapo: funga magharibi, fungua kaskazini na kusini, basi. Lakini Rumonge vitu vitatu vinatoka upande huo mmoja. Jua kali la alasiri linatoka magharibi, upepo unaoburudisha unatoka magharibi, na mandhari ya maji ambayo kila mwenye uwezo anataka kuyaona kutoka sebuleni yako magharibi. Kisha barabara kuu inayotoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac inafuata ukingo wa ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na kwa kuwa heshima ya nyumba ni kuitazama barabara, nyumba zilizojipanga kandokando yake huweka uso wao mrefu ama magharibi ama mashariki. Mandhari, barabara na desturi zote zinaivuta nyumba kuelekea pale pale ambapo kanuni inakataza. Kwa maoni ya kitabu hiki, hili ndilo swali lenyewe la ujenzi wa ukingo wa Tanganyika, na mengine yote ni maelezo yake.

Upepo wenyewe unastahili kuelezwa kwa utaratibu. Maji ya juu ya ziwa hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 27 karibu mwaka mzima, wakati ardhi hupata moto upesi mchana na kupoa upesi usiku. Kuanzia saa tano au sita za mchana hewa iliyo juu ya ardhi hupanda kwa joto, na hewa ya ziwani, iliyo baridi kidogo, huingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa juu ya milima ya mashariki huteremka mabondeni na kutoka kuelekea majini, na huo huitwa upepo wa nchi kavu. Wavuvi wa dagaa, samaki ambao Warundi huwaita ndagala, wanaujua mzunguko huu kuliko msanifu yeyote. Juu ya mzunguko huo wa kila siku kuna upepo wa msimu, ule wa kusini na kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa katika miezi ya kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, ambacho kwa Kirundi huitwa ici.

Hewa inayotembea ina thamani inayopimika. Mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao unatosha kupeperusha karatasi mezani, humfanya mtu ajisikie kama joto limepungua kwa nyuzi 2 hadi 3, kwa sababu jasho hukauka haraka zaidi. Ila hewa haiingii ndani ya chumba kisicho na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja kinachotazama ziwa kitapata mwanga na mandhari, na hewa yake itabaki imesimama. Chumba kidogo chenye tundu la kuingilia na tundu la kutokea upande wa pili kitapoa hata kama dirisha lake ni nusu ya lile. Hii ndiyo maana ya kupitisha hewa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo sababu nyumba yenye safu moja ya vyumba hushinda ile yenye safu mbili zilizopeana migongo.

Hapa linakuja jambo dogo la ufundi ambalo linatatua sehemu kubwa ya mgogoro wa magharibi. Nyumba inayotazama kaskazini na kusini inapata upepo wa ziwa ukipita sambamba na kuta zake ndefu, bila kuingia. Dirisha la mbao lenye mabawa mawili ya bawaba linaweza kuukamata. Mchana bawa lililofungwa kwenye mhimili wa mashariki huachwa limesimama wima kutoka ukutani, na lile la magharibi hulazwa kabisa ukutani. Upepo unaotoka ziwani hugonga bawa lililosimama na kugeukia ndani. Usiku, upepo ukitoka milimani, mabawa hubadilishana kazi. Seremala hahitaji mbao zaidi wala bei zaidi, anahitaji tu kuambiwa kwamba bawa lifunguke kikamilifu na liwe na ndoano ya kulishikilia kwenye pembe mraba. Madirisha ya kioo ya kusukuma kando, yanayopendwa mijini, hayawezi kufanya kazi hii, na tena nusu ya nafasi yake haifunguki kamwe.

Ukuta nao una tabia yake. Tofali la udongo lililochomwa, lenye unene wa sentimeta 20, hupokea joto nje na kulifikisha ndani baada ya saa sita hivi. Wataalamu huuita muda huo ucheleweshaji wa joto. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua la saa kumi alasiri utakuwa unalitoa joto hilo chumbani saa nne usiku, wakati hasa watoto wanapolala. Kuweka vyumba vya kulala upande wa ziwa ni kosa la kawaida katika nyumba za wenye nafasi huko Imbo, na linatendeka kwa nia njema ya kupata mandhari. Upande huo ungefaa zaidi baraza pana, ghala, bafu au ngazi, yaani sehemu ambamo mtu hakai saa nne usiku, na vitanda vingehamia mashariki, ambako ukuta uliopashwa moto asubuhi huwa umekwisha kupoa na ambako upepo wa milimani huanzia.

Lakini si kila mtu wa Rumonge analala usiku. Uvuvi wa ndagala hufanyika usiku, kwa taa zinazowavuta samaki kwenye nyavu, na mvuvi hurudi ufukweni alfajiri, akalala wakati jua linapopanda. Kwake yeye kanuni inageuka. Anayelala usiku anahitaji chumba chepesi kinachopoa upesi jua likizama; anayelala mchana anahitaji chumba chenye kuta nene za udongo, madirisha madogo yaliyofungwa tangu asubuhi, kilichohifadhi ndani yake ubaridi wa usiku uliopita. Nyumba ya mvuvi ingestahili kuwa na chumba kimoja cha namna hiyo, katikati ya nyumba au upande wa kusini, mbali na jiko. Miongozo ya jumla ya nchi za joto haimfikirii mtu huyu kabisa.

Yote hayo ni bure iwapo paa halikushughulikiwa. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, paa ndilo linalopokea jua kuliko kuta zote, na paa la Imbo leo ni bati. Bati jipya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, lakini chuma kitupu hakitoi joto lake kwa urahisi kuelekea angani, hivyo hupata moto hata likiwa linang'aa. Likishaota kutu hulinyonya jua waziwazi. Bila dari, bati hilo humulika joto moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, na dirisha la chini haliwezi kuliondoa. Dawa yake ina hatua tatu ambazo hazihitaji kufanywa zote kwa siku moja. Kwanza ni dari, hata ya mikeka ya matete iliyopakwa udongo na chokaa kwa juu. Pili ni nafasi ya hewa kati ya dari na bati, yenye matundu upenuni na mengine karibu na mgongo wa paa, ili hewa iliyopata moto itoke kabla ya kushuka. Tatu ni rangi nyeupe juu ya bati, ambayo huhitaji kurudiwa, kwani vumbi la kiangazi haliiachi.

Msanifu Francis Kéré, aliyezaliwa Burkina Faso na kutunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijulikana kwa wazo hili hili alipojenga shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando mwaka 2001: dari ya tofali yenye matundu, na juu yake paa la bati lililoinuliwa kwa vyuma vyembamba ili hewa ipite katikati. Mfano huo ni wa kuiga kwa upande wa paa. Si wa kuiga kwa kila kitu, maana Gando ni nchi kavu yenye tofauti kubwa kati ya mchana na usiku, na kuta zake nzito zina faida ambayo Imbo, penye unyevu na usiku usiopoa sana, inaipata kwa kiasi tu.

Mfano ulio ndani ya Burundi yenyewe uko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels walijenga mwaka 2012 maktaba ya shule ya watoto viziwi kwa tofali za udongo ulioshindiliwa, yaani udongo uliobanwa kwa mashine ya mkono badala ya kuchomwa, na kuiezeka kwa vigae vilivyochomwa huko huko. Jengo lina kibaraza kirefu kilichofunikwa, kilichotokana na desturi ya nyumba za Warundi, dari ya juu, na kuta zinazopitisha hewa. Muyinga ni nchi ya mlima na baridi yake, hivyo anayetoka Imbo hapaswi kunakili pembe zake. Cha kuchukua ni tofali lenyewe. Tofali la kuchoma linakula kuni, na milima inayoitazama Rumonge, ambako masalia ya misitu ya miombo yamewekwa chini ya hifadhi, haina kuni za kutoa.

Kuna urithi mwingine ulio karibu zaidi na Rumonge kuliko Muyinga, nao ulikuja na Kiswahili. Nyumba ya Kiswahili, iliyosafiri kutoka pwani ya bahari kwa njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji, ina baraza mbele, ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma penye jiko na choo. Ujiji uko kwenye ukingo ule ule wa mashariki wa ziwa lile lile. Milango yote miwili ikiwa wazi, ukumbi huo ni njia ya upepo wa ziwa mchana na wa milima usiku, na kuta za ndani zisipofika hadi kwenye paa hewa huruka kutoka chumba hadi chumba, ingawa na maneno ya siri huruka pamoja nayo. Moto wa kupikia umetolewa nje, na baraza limekuwa kivuli cha ukuta wa mbele na mahali pa kukaa jioni. Nyumba hiyo haikubuniwa na chuo chochote, na bado inajibu maswali mengi ambayo mwongozo wa UN-Habitat kuhusu ujenzi endelevu wa Afrika Mashariki, uliotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya nchi tano ikiwemo Burundi, unayajibu kwa majedwali. Kinachosikitisha ni kwamba nyumba mpya za mijini zimelibana baraza hadi likawa kizingiti, na zimeziba mlango wa nyuma kwa hofu ya wezi, hofu ambayo mlango wa nondo wenye kufuli ungeitosha.

Mapingamizi mawili yanastahili kujibiwa kwa uzito. La kwanza ni mbu. Kila tundu linaloingiza upepo huwaingiza na wao, na malaria katika Imbo si jambo la kupuuzwa. Wavu hupunguza kasi ya upepo, hivyo nyumba yenye wavu inahitaji matundu makubwa zaidi, si madogo. Majaribio yaliyofanywa Magoda, mkoani Tanga, ambako watafiti walijenga nyumba kadhaa zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu, yalionyesha kuwa nyumba moja inaweza kuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijiji kile kile, na kwamba chumba cha kulala kilichoinuliwa ghorofani huwakwepa mbu wengi.

La pili ni tetemeko. Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya ziwa hilo. Ukuta mnene wa udongo usiofungwa, uliobebeshwa vigae vizito, ni hatari hata ukiwa baridi namna gani. Anayejenga kwa udongo huku Imbo asiache mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote chini ya paa, na afadhali abaki na bati lililowekewa dari kuliko kigae kisicho na kenchi imara.

Limebaki suala la viwanja, ambalo fundi halifikii. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinacholingana na kile cha 1964, yakaingia katika nyumba za Rumonge na kuwatoa watu wengi ukingoni, ambako sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 tayari ilikuwa imekataza ujenzi ndani ya mita 150 kutoka ufukweni. Watu waliotolewa na maji hupewa au hununua viwanja vipya juu zaidi, na viwanja hivyo vikipangwa kando ya barabara inayokwenda kaskazini na kusini, kama ilivyozoeleka, kosa lile lile litahamia nao. Kiwanja kipana kinachotazama barabara huiweka nyumba na uso wake mrefu magharibi. Kiwanja chembamba huiweka katikati ya majirani wawili, ikabaki na madirisha ya mbele na ya nyuma tu, ambayo ni magharibi na mashariki tena.

Vichochoro vya makazi mapya vipimwe kutoka upande wa ziwa kuelekea milimani, na nyumba zitazame vichochoro hivyo badala ya kuitazama barabara kuu. Hapo kila nyumba itapata uso wa kaskazini au wa kusini bila gharama yoyote, na kichochoro chenyewe kitakuwa mfereji wa upepo wa ziwa mchana na wa milima usiku. Kwa kuwa vichochoro vya namna hiyo hufuata mteremko, mitaro ya mawe lazima ichimbwe kabla ya nyumba ya kwanza kusimama, la sivyo mvua za masika zitavigeuza makorongo. Uamuzi huu hauko mikononi mwa fundi wala mwa mwenye nyumba. Uko kwa ofisi za tarafa na kwa wapimaji, na unapaswa kufanywa sasa, viwanja vikiwa bado ni vigingi na kamba.